Surua: Kwa Nini Humlemea Mtoto Mmoja Kuliko Mwingine

Mazungumzo kwa wazazi na walezi katika mabaraza ya wadi



Surua, ambayo wengi huiita ukambi, huanza kama mafua: homa, kikohozi, kamasi na macho mekundu. Siku chache baadaye vipele hujitokeza usoni na kushuka mwilini. Watoto wengi hupona. Wengine hupata nimonia, hupofuka au hufariki. Tofauti hiyo si bahati tu. Yapo mambo yanayoongeza hatari, na mzazi anaweza kuyatambua mapema.

La kwanza ni umri. Walio chini ya miaka 5, hasa wachanga, ndio huumia zaidi. Kinga ambayo mtoto huzaliwa nayo kutoka kwa mama hupungua kadiri miezi inavyosonga. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela hutolewa akifika miezi 9, kisha miezi 18. Ya pili husahaulika kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na safari za kliniki zimepungua. Lakini kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo moja. Dozi ya pili ni kwa ajili yao, na hakuna mama ajuaye kama wake yumo.

La pili ni lishe. Vitamini A hulinda macho, koo, mapafu na utumbo, na huko ndiko surua hushambulia. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa, au asiyepata vitamini hiyo, hana akiba ya kupigana nayo. Matone ya vitamini A hutolewa kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi 6, hadi atimize miaka 5.

La tatu ni kinga dhaifu ya mwili. Mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi, au aliyezaliwa na mama mwenye virusi hivyo, hupewa dozi ya ziada akiwa na miezi 6.

La nne ni msongamano. Mtafiti Peter Aaby, aliyechunguza mlipuko wa mwaka 1979 mjini Bissau, Afrika Magharibi, aligundua kwamba mtoto aliyeambukizwa na mwenzake wa nyumba moja alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyeuleta ugonjwa kutoka nje. Inadhaniwa sababu ni hii: wa kwanza huweza kuambukizwa kwa kupita tu karibu na mgonjwa, wa pili huweza kulala naye kitanda kimoja usiku kucha. Mara nyingi huyo wa pili ndiye mdogo zaidi.

Lipo pia la tano, nalo ni kuchelewa. Wapo wanaomfungia mtoto gizani, wakamnyima chakula na kukataa asidungwe sindano, wakiamini vipele vitarudi ndani. Mtoto wa surua anahitaji kunyonya, kunywa na kula zaidi, si kufunga. Kituoni atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, hata kama alishapata matone hapo awali, ili kumwokoa macho na maisha.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa kasi, aliyepata degedege, aliyelegea, mwenye vidonda vikali mdomoni au ukungu kwenye mboni ya jicho, asisubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja.

Chanjo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Leo jioni, kila mzazi afungue Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, atazame mstari wa miezi 9 na ule wa miezi 18. Ukiwa mtupu na umri umepita, bado hajachelewa. Kesho asubuhi ampeleke.