Mtafunwa na Nyoka



Wahenga walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii twaitumia mara nyingi kwa kumcheka mtu kidogo. Unyasi si nyoka, na kila mwenye macho analijua hilo. Lakini yule aliyetafunwa naye analijua. Anajua, na bado anashtuka. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi leo.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja mjane. Majambazi walikuwa wamevunja mlango wake usiku, wakachukua walivyovitaka, wakaenda zao. Mwili wake hawakuugusa. Lakini tangu usiku ule, kila mbwa wa jirani alipobweka, alijikuta ameketi kitandani, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho, wala sauti ya kuita haitoki. Nasi tulimjibu upesi, kama wajibuvyo watu wenye shughuli nyingi: "Mama, imani yako iko wapi?" Aliinamisha kichwa, akaaga kwa adabu, na kwa muda mrefu hatukumwona tena.

Baadaye tulisoma habari za mtaalamu wa ubongo aitwaye Joseph LeDoux, wa New York, aliyeanza kuchunguza jambo hili kwa panya katika miaka ya 1980. Panya husikilizishwa mlio, na mlio unapokwisha hupata mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Baada ya mara chache tu, mlio peke yake unatosha. Panya hujikausha, hatikisiki isipokuwa kwa kuvuta pumzi, na shinikizo la damu yake hupanda.

LeDoux alitaka kujua mlio ule unapita njia gani ndani ya kichwa. Ilionekana wazi kwamba ungepita kwanza katika gamba la ubongo, mahali ambapo sauti hupambanuliwa. Basi akaliharibu gamba lile la kusikilia. Panya wakajifunza kuogopa vilevile! Ikadhihirika kwamba njia ziko mbili. Habari itokayo sikioni hufika penye njia panda iitwayo talamasi. Kutoka hapo, njia moja ndefu hupitia gambani, na nyingine fupi hukata moja kwa moja hadi sehemu ndogo yenye umbo la lozi iliyofichika ndani ya ubongo, moja kila upande, nayo huitwa amigdala. Njia fupi haipambanui vizuri, bali ni ya haraka. Mwili umekwisha kupigiwa mbiu ilhali akili ingali inauliza ni nini.

Tena amri zitokazo katika amigdala huenda pande mbalimbali. Mwaka 1988 LeDoux na wenzake walionyesha kwamba ukiharibu sehemu moja ya shina la ubongo, panya haachi kupandwa na damu, lakini hajikaushi tena. Ukiharibu sehemu ya haipothalamasi, anajikausha, lakini damu haipandi. Kila tawi lina kazi yake, na hakuna hata moja linalongoja ruhusa.

Wala tusidhani kwamba huu ni ubovu wa maumbile. Panya aliyezaliwa maabara, ambaye hajapata kumwona paka maishani mwake, akinusa harufu ya paka hujikausha hivyo hivyo, kwa maana mwindaji huona upesi kinachotikisika. Waliosita kwanza ili wafikiri hawakuacha wajukuu wengi.

LeDoux mwenyewe baadaye alionya kwamba yanayopimwa hapa ni matendo ya mnyama kujihami mbele ya hatari. Kama panya anaionja hofu kama sisi, kipimo hakisemi. Tunaupenda unyenyekevu huo, nasi hatutaki kusema kwamba mama yule ni panya. Ila amigdala anayo, kama sisi sote. Mwaka 1995 wataalamu wa Iowa, Marekani, waliandika habari za mtu ambaye sehemu hiyo ilikuwa imeharibika pande zote mbili. Mwili wake haukujifunza kushtuka kwa ishara iliyotangulia kishindo, ingawa aliweza kueleza barabara ni ishara ipi iliyofuatiwa na kishindo hicho. Kujua ni jambo moja, kushtuka ni jambo jingine, kama methali ilivyokwisha kutuambia.

Je, hofu iliyokwisha kuingia hutokaje? Panya akisikilizishwa mlio mara nyingi pasipo mshtuko, hutulia. Tungependa kusema kwamba amesahau. La hasha! Pavlov wa Urusi alikwisha kuona kwa mbwa wake kwamba zoea lililozimwa hurudi lenyewe baada ya mapumziko. Na Mark Bouton, wa Vermont, ameonyesha kwamba mnyama aliyetulizwa katika kizimba kimoja, akihamishiwa kingine, hofu yake hurudi. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk, huko Puerto Rico, walikuta seli katika sehemu ya mbele ya ubongo wa panya ambazo huamka kwa mlio baada tu ya mnyama kujifunza kwamba mlio ule hauna madhara. Kadiri zinavyoamka zaidi, ndivyo anavyojikausha kidogo. Hofu ya kale basi haifutwi. Hushikwa mkono na somo jipya, na somo hilo hukumbuka mahali lilipofundishwa.

Tulipoyasoma hayo tuliona haya. Mama yule tulimhubiria mchana, ofisini, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Hofu yake ilikaa nyumbani, usiku. Tena tulikuwa tumesahau habari ya Eliya, nabii aliyewashinda wapinzani wake wengi, kisha akamkimbia Yezebeli hadi jangwani na kutamani kufa. Hakuulizwa imani yake iko wapi. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akaachwa alale tena.

Tulikwenda kumwomba radhi. Alitupokea kwa kiti na kwa kikombe cha chai, kana kwamba sisi ndio tuliofiwa. Tukapatana na akina mama wa jumuiya kwamba wawe wakija kwake kwa zamu jioni, wakae naye hadi usiku, waongee mambo yao ya kawaida, wachambue mchele. Nasi tulikwenda siku zetu. Mlango aliufunga na kuufungua mwenyewe, mbele yetu, mara nyingi.

Jioni moja ya juma la tatu mbwa walibweka ghafla. Alishtuka, nasi, kusema kweli, tulishtuka pamoja naye. Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukamwagika. Alikaa kimya kitambo, akisikiliza. Kisha akasema, "Ni yule mbwa wa kinyozi," akainama, akaanza kuzoa mchele.