Shukrani ya Watoto kwa Mama Yao
(Maneno ya familia baada ya Misa ya kumbukumbu)

Wapendwa wanaparokia, kamati za vigango na wafadhili wetu,



Mama yetu aliuza vitumbua sokoni miaka mingi. Ada zetu zote zilitoka kwenye kikaango kile. Alipoanza kutokwa damu, ilhali hedhi ilikwisha koma zamani, alinyamaza kwa aibu. Alipofikishwa Ocean Road, Dar es Salaam, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Kabla ya kufariki alituagiza tusiufiche ugonjwa wake. Wazee mtuwie radhi, ndiyo maana tunautaja hapa.

Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, nayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kujitokeza. Katika miaka hiyo inazuilika. Muuguzi hupaka siki (ndiyo, siki, kama ile ya jikoni) kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na akiona weupe usio wa kawaida mama hutibiwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mabinti nao wana chanjo, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018.

Fedha tulizochanga kwa ajili ya marumaru ya kaburi tumeamua ziwe nauli ya akina mama wa vigango vya mbali kwenda kupimwa. Wenyeviti, tuleteeni majina. Dada yetu mkubwa atakuwa ndani ya gari la kwanza.