Mnara Usiohojiwa: Elimu ya Usalama wa Mitandao katika Mwambao wa Uvira

Masomo ya usalama wa kompyuta kwa kawaida huanza na kompyuta ya ofisini, virusi vyake na nywila zake. Lakini katika Uvira, mji wa Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, ambako mchuuzi wa samaki wa Kalundu hulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kupitia simu ndogo ya vitufe, mwanzo huo unapita kando ya fedha zenyewe. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba somo hilo lianzie kwenye kadi ya simu na mnara unaoihudumia.

Kadi ya simu ni kompyuta kamili iliyofinywa: ina kichakataji, ina kumbukumbu, na ndani yake umefichwa ufunguo wa biti 128, yaani mfuatano wa sifuri na moja, ambao nakala yake hutunzwa na kampuni iliyoitoa. Kadi hiyo hubeba pia namba ya utambulisho ambayo tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi: 630 ni Kongo, 642 Burundi, 640 Tanzania na 645 Zambia, nchi zote nne za Ziwa Tanganyika. Simu inapojiunga na mtandao, mnara huipelekea namba ya kubahatisha, kadi huichanganya na ufunguo wake na kurudisha jibu, na jibu hilo likilingana na hesabu ya kampuni, mteja hupokewa. Ufunguo wenyewe haupiti hewani, na kwa hilo wasanifu wanastahili sifa. Kasoro iko upande wa pili, kwa kuwa katika mtandao wa kizazi cha pili mnara humhoji mteja, ilhali mteja hana njia ya kuuhoji mnara. Mwenye mtambo unaojitangaza kwa jina la kampuni anaweza kuzivuta simu zilizo jirani na kuziamuru ziwasiliane bila usimbaji, yaani bila kuugeuza ujumbe kuwa fumbo. Kizazi cha tatu kilileta uthibitisho wa pande mbili, jambo lisilomsaidia mwenye simu isiyojua kizazi hicho.

Menyu ya fedha inayofunguliwa kwa nyota na reli haina usimbaji wake yenyewe. Namba ya siri husafiri ikitegemea kinga ya mawimbi tu, na kinga ya A5/1 ya kizazi cha pili, ambayo kanuni yake ilifichuliwa mwaka 1999, ilikuwa na majedwali ya kuivunja yaliyosambazwa hadharani kufikia mwaka 2010.

Mpakani mambo huongezeka. Simu ya Kavimvira, upande wa Kongo, inaweza kunasa mnara wa Gatumba, upande wa Burundi (wakazi hawahitaji mhadhara kulijua hilo, salio huwaambia), na hapo kampuni ya Burundi huiomba ya Kongo maswali na majibu yaliyokwisha kukokotolewa, kupitia mfumo wa ishara uitwao SS7, uliobuniwa wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana. Mnamo Desemba 2014, mjini Hamburg, watafiti Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha jinsi uaminifu huo unavyomwezesha mgeni kufuatilia simu iliyo mbali naye.

Kanuni za Kidijitali za Kongo, zilizotangazwa tarehe 13 Machi 2023, zinahesabu kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mtandao wa watu hauwezi kuwa maabara. Chuo kinachofundisha somo hili kinahitaji sanduku la chuma lisilopitisha mawimbi, betri za kuvumilia umeme unaokatika, kadi za majaribio, na simu za zamani kama Motorola C123, ambazo mradi wa OsmocomBB umezifungulia programu yake huria tangu mwaka 2010. Zoezi la kwanza liwe hili: viwango vya GSM, yaani vya mtandao wa kizazi cha pili, vinataka simu imwonyeshe mwenyewe kwamba mazungumzo hayajasimbwa, lakini vinaiachia kampuni biti moja ndani ya kadi ya kulizima onyo hilo; mwanafunzi aisome biti hiyo katika kadi yake ya majaribio, aibadilishe, kisha atazame kama kioo cha simu kitaonyesha chochote.