Jiwe Jepesi na Kazi Zake, Kitaluni na Nyumbani

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama Kikuu)



Katika siku ya furaha kama hii, desturi ya Katibu ni kusimama na kuhesabu mema yaliyotendeka. Mema hayo Bwana Mwenyekiti amekwisha yataja, tena kwa ufasaha kunishinda, wala sina haja ya kuyarudia. Mimi nimeiomba Kamati ruhusa nizungumze juu ya kitu kimoja kidogo, nacho ni lile jiwe jepesi lililomo ghalani mwetu katika magunia. Jina lake la kitaalamu ni vermikulaiti, lakini ninyi wenyewe mmekwisha lipa jina jema zaidi, jiwe bisi.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kila mara ninapotembelea vyama vya msingi naulizwa kazi yake, na majibu ninayoyasikia yakizunguka si yote yaliyo sahihi. Pili, jiwe hili limewahi kukitia chama chetu hasara, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa nalo yafaa liandikwe daftarini, lisije likarudiwa na yule atakayenifuata katika kiti hiki.

Jiwe hili ni la jamii ya ulanga, yale madini yenye kumetameta ambayo huchambuka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Baina ya tabaka na tabaka yamo maji machache yaliyofungwa. Jiwe likitiwa kwa ghafla katika tanuri yenye moto wa karibu digrii 900 za Selsiasi, maji hayo hugeuka mvuke, nao mvuke ukikosa njia huyasukuma matabaka, jiwe likafutuka mara nane, na aina nyingine hata mara thelathini ya unene wake wa awali. Ndivyo mahindi ya bisi yafanyavyo katika sufuria. Likisha futuka huwa jepesi hata huelea majini, na umbo lake hufanana na mnyoo uliojikunja. Jina lake la kigeni limetoka katika neno la Kilatini lihusulo minyoo, nalo lilitolewa mwaka 1824 na Bwana Thomas Webb, aliyelieleza jiwe lililopatikana Massachusetts, Marekani.

Wala msidhani kwamba ni mali ya ng'ambo tu. Afrika ya Kusini, huko Phalaborwa, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Katika Afrika ya Mashariki, akiba kubwa iko Namekara, mashariki mwa Uganda, upande wa Mlima Elgon. Kenya liko katika kilima cha Kinyiki, na kwetu Tanzania liko Mikese, mkoani Morogoro.

Sasa, lina faida gani kwa mkulima? Mche mchanga huhitaji mambo matatu mizizini mwake: maji, hewa na chakula. Udongo wa mfinyanzi huyashika maji lakini huikaba hewa. Mchanga huipitisha hewa lakini huyaacha maji yakimbie. Jiwe bisi hufanya yote mawili, kwa maana hunywa maji kuliko uzito wake lenyewe na kuyatoa kidogo kidogo, huku chembe zake zikiacha nafasi ya mzizi kupumua. Zaidi ya hayo, hushika virutubisho kama vile potasiamu, magnesiamu na amonia visichukuliwe na maji, kisha huviachia mzizi unapovihitaji. Na kwa kuwa limetoka motoni, halina mbegu za magugu wala vijidudu vya kinyausi, yale maradhi yauozeshayo mche shingoni ukalala kama uliokatwa kwa wembe.

Nawaomba mlishike vema neno hili la kushika virutubisho, maana hapo ndipo nilipoteleza.

Mnakumbuka kwamba katika mwaka wa saba wa chama, kitalu chetu cha pamoja kilivamiwa na kinyausi. Mbegu za nyanya chotara, ambazo siku hizi huuzwa kwa kuhesabiwa punje, ziliota na kulala. Fedha ya mbegu hizo wanachama walikuwa wamekwisha katwa katika malipo yao ya kahawa. Nikiwa na aibu hiyo, nilisoma habari za jiwe hili, nikazisoma kwa pupa, kama mtu anayetafuta jibu analolitaka. Nikaishawishi Kamati, tukanunua magunia. Nikaagiza masanduku yote ya mwaka uliofuata yajazwe jiwe tupu, pasipo mboji wala samadi, kwa kuwa nilidhani kitu kinachouzwa katika duka la pembejeo kwa bei ile hakikosi kuwa mbolea. Mzee wetu mtunza kitalu alisita. Mimi nilimnyamazisha kwa kumwonyesha maandishi.

Mbegu zikaota upesi na kwa pamoja, hata wageni walikuja kutazama. Nilipita baina ya masanduku mikono ikiwa nyuma, kama bwana shamba. Lakini miche ilipotoa majani yake ya pili, ikasimama. Ikawa ya manjano, ikabaki na unene wa sindano, na huku mvua zimekwisha anza. Siku ya ugawaji wanachama walikuja na vikapu, wakarudi na vikapu vitupu.

Mama mmoja, mwanachama wetu tangu mwaka wa kwanza, aliinama, akachukua gao la jiwe lile, akalikamua maji yakatiririka. Kisha akaniambia, "Mwanangu Katibu, jiwe lako linakunywa vizuri. Je, mtoto anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini katika swali lile ilikuwamo elimu yote niliyoikosa katika maandishi. Jiwe bisi ni mtunza ghala. Hutunza kile alichokabidhiwa, na akitakiwa hukitoa. Lakini ghala tupu halimlishi mtu, hata mlinzi wake awe mwaminifu namna gani. Potasiamu na magnesiamu ya asili iliyomo ndani yake haitoshi, na naitrojeni, iletayo ukijani wa majani, haimo. Mbegu huota kwa akiba yake yenyewe, ndiyo maana siku za mwanzo tulisifiwa. Akiba ile ilipokwisha, miche ikawa na njaa.

Hasara ile niliiandika na kuomba isomwe mbele ya Mkutano. Baadhi ya wanachama walitaka Katibu abadilishwe, wala sikuwalaumu. Mwisho Mkutano uliamua kwamba jaribio lirudiwe, lakini kwa masanduku manne tu, na msimamizi awe mzee mtunza kitalu, Katibu asiguse ila kalamu ya kuandikia. Sanduku la kwanza lilitiwa udongo wa kitalu wa kale. La pili jiwe tupu. La tatu mchanga na mboji. La nne jiwe na mboji nusu kwa nusu. Sanduku la nne ndilo lililotoa miche minene yenye mizizi mingi, na la tatu likafuata si kwa mbali. Baadaye nilipata kujua kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieneza katika miaka ya 1960 mchanganyiko wa nusu jiwe hili na nusu mboji ya kinamasi, na hata wao waliongeza mbolea ndani yake. Tungeweza kufika huko mapema kama ningalimsikiliza mtunza kitalu.

Basi utaratibu tunaoufuata sasa ni huu. Chukua debe moja la jiwe la chembe ndogo na debe moja la mboji iliyoiva na kuchekechwa. Lowesha jiwe kwanza, ndipo uchanganye kwa mikono miwili pasipo kuligandamiza, maana likikandamizwa likiwa bichi matabaka yake hulala yasiinuke tena, na faida yake ikapotea. Panda mbegu, kisha zifunike kwa utandu mwembamba wa jiwe tupu, usiozidi nusu sentimeta. Utandu huo haufanyi gamba juu kama udongo, na mche huupenya bila taabu. Miche ikitoa majani ya pili, inyweshe maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa. Kwa vipandikizi vinavyotafuta mizizi, changanya jiwe sawa kwa sawa na mchanga mnene uliooshwa.

Wengine wameniuliza, kwa nini tusilimwage shambani? Nawajibu kwa hesabu. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Ukitaka kuchanganya udongo wa kina cha sentimeta 10 kwa sehemu moja katika kumi, utahitaji kama mita 40 za ujazo, yaani magunia 400 ya lita 100. Hakuna nyanya duniani itakayolipa deni hilo. Lakini sanduku la miche la sentimeta 60 kwa 30, lenye kina cha sentimeta 5, huchukua lita 9. Nusu yake ni lita nne na nusu. Kwa hiyo gunia moja hutosha masanduku 22. Jiwe ni la kitalu. Shamba lina haki yake katika samadi na majani ya kuoza.

Nje ya bustani jiwe hili lina kazi nyingine nyingi, na nyingine mnazo majumbani pasipo kujua. Kwa kuwa limejaa hewa na haliungui, huuzuia moto usipite. Lile jiko la mkaa lenye chungu ndani ya bati, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, mafundi wake walijaza nafasi baina ya chungu na bati kwa saruji iliyochanganywa na jiwe hili, ili chungu kishike na joto lisipotelee nje. Katika nchi za baridi watu hulitandaza juu ya dari nyumba ipate kuhifadhi joto, na wajenzi hulitia katika lipu ya kukinga nguzo za chuma zisilegezwe na moto. Wapakizaji huzungushia nalo chupa za dawa kali, ili chupa ikivunjika dawa inywewe isimwagike. Hata viazi vya maua vyaweza kuhifadhiwa ndani yake visikauke.

Hata hivyo yapasa niseme jambo zito. Katika mji wa Libby, jimbo la Montana, Marekani, palikuwa na mgodi uliotoa kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jiwe hili lililotumika duniani, mpaka ulipofungwa mwaka 1990. Jiwe la mgodi ule lilikuwa limechanganyika na asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Wachimbaji waliugua, na wengi walikufa. Na pamoja nao waliugua wake na watoto ambao hawakukanyaga mgodini, kwa sababu ya vumbi lililoletwa nyumbani katika nguo za kazi. Mwaka 2009 Serikali ya Marekani ilitangaza huko hali ya dharura ya afya ya umma. Si kila jiwe bisi lina asbesto, bali hakuna awezaye kuijua kwa macho. Kwa hiyo Chama Kikuu hakinunui gunia lisilokuwa na cheti cha kupimwa, na kila mwanachama namsihi afuate haya matatu: alinyunyizie maji kabla ya kulimimina, afunge kitambaa puani, wala asichukue kamwe jiwe la dari kuukuu zilizobomolewa.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa pendekezo. Naomba Mkutano huu ukubali kwamba jiwe bisi liendelee kununuliwa kwa pamoja na Chama Kikuu, kwa ajili ya vitalu pekee. Kila chama cha msingi kipewe kwa idadi ya masanduku yake, wala si kwa ukubwa wa sauti ya mjumbe wake. Na mahali bei itakapopanda kupita faida, turudie mchanga na mboji pasipo aibu, kwa kuwa lile sanduku la tatu lilikwisha tushuhudia. Naomba pia kwamba jambo lolote jipya, liwe la jiwe, la mbegu au la dawa, lipite kwanza katika masanduku manne kabla ya kugusa fedha ya mwanachama.

Yule mama yumo humu ukumbini leo, amekaa safu ya mbele. Msimu uliopita kikapu chake kilirudi kimejaa. Mama, ahsante kwa swali lako.

Chama na kidumu.