Jike, Dume na Lawama ya Dada Yangu
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Mlitazamia mtumishi wa serikali aje na mafaili. Mimi nimekuja na habari za ndege.

Nyumbani nafuga kasuku wadogo wa Australia, ambao John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840. Porini rangi yao ni kijani. Kijani hicho ni manjano iliyomo katika unyoya, pamoja na buluu itokanayo na jinsi unyoya ulivyojengeka. Ikikosekana manjano, ndege huwa wa buluu. Lakini buluu hujificha: ukimpandisha ndege wa buluu na wa kijani halisi, makinda wote huwa kijani. Wapandishe hao wao kwa wao, na kwa wastani mmoja katika kila wanne atatoka buluu.

Sasa tuje kwenye jinsia. Dume ana kromosomu mbili za Z. Jike ana Z moja na W moja. Baba humpa kila kinda Z. Mama ndiye atoaye Z au W. Basi kwa ndege, jinsia ya kinda hutoka kwa mama.

Iko rangi ya manjano yenye macho mekundu, ambayo jeni yake imo ndani ya Z. Mpandishe dume wa rangi hiyo na jike wa kijani. Kinda jike hupata Z ya baba peke yake, hutoka manjano. Kinda dume hupata na Z ya mama, hutoka kijani. Baada ya siku 18 hivi za kuatamia, nachungulia kiota: jicho jekundu, jike, jicho jeusi, dume. Lakini ukigeuza, dume awe kijani halisi na jike awe manjano, wote watatoka kijani, na jicho halitakwambia kitu.

Kwa nini nawaeleza haya? Nilipokuwa Kidato cha Nne, dada yangu mkubwa alikuwa na mabinti wanne. Wazee wa upande wa shemeji walikuja kwetu kusema kwamba hana mtoto wa kiume ndani yake. Nami nilikwisha kufundishwa humu humu kwamba kwa binadamu mambo ni kinyume cha ndege: mama hutoa X siku zote, baba ndiye atoaye X au Y, naye hachagui. Swali hilo nililipata katika mtihani. Siku ya kikao nilikaa mkekani kimya. Dada akarudi nyumbani na sanduku moja na mabinti zake.

Huenda wasingemsikiliza mtoto. Lakini sikuwapa hata nafasi ya kunikatalia.

Miaka mingi baadaye dada alinitembelea, nikamwonyesha kiota na kumweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Wewe uliyajua haya tangu lini?" Nilishindwa kumjibu.

Vijana, mtihani utawauliza swali hili mara moja, nanyi mtapata alama zenu. Nyumbani mtaulizwa mara nyingi, tena bila kutajwa jina. Jibuni, kwa adabu, lakini jibuni.