KAFALA YA YATIMA: NANI ANAMWULIZA MTOTO HALI YAKE?

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Kibaha na Kisarawe baada ya Sala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa walimwengu wote, Aliyemkuta Mtume wake yatima akampa makazi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likisemwa barazani na milangoni mwa misikiti yetu: watoto wetu kufadhiliwa na watu wa nchi za mbali na kuandikiana nao barua. Wapo wanaolilaumu kwa kuhofia dini ya watoto. Wapo wanaolisifu kwa sababu ya madarasa na visima vilivyopatikana. Sisi tutaanza na kisa kilichotupata wenyewe, kisha turejee katika Kitabu cha Allah.

KISA CHA BARUA

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisomesha chuo cha Qur'ani katika kijiji kimoja cha Kisarawe, ndani kabisa, mbali na barabara ya lami. Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo mtoto wa miaka kumi hivi, mpole, aliyekwisha kufika Suratu Yaasiin. Siku moja alibaki nyuma baada ya darasa, akatoa bahasha aliyoikunja ndani ya juzuu yake. Ilikuwa barua ya mfadhili wake wa Ulaya, bibi mtu mzima, iliyoletwa na mtumishi wa shirika moja. Tafsiri yake ya Kiswahili ilikuwa imelowa mvua na wino umechuruzika, kwa hiyo alitutaka tumsomee ile ya asili.

Yule bibi aliandika habari za theluji, za paka wake na za maumivu ya goti. Mwishoni akauliza: baba yako anafanya kazi gani? Mtoto akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Maalim, nimwambie kuwa amekufa, au atahuzunika?"

Ndugu zetu, tulikuwa tumekaa na mtoto yule kwenye mkeka mmoja kwa muda wa miaka miwili. Tulijua kosa lake katika kuitamka herufi ya dhwadi. Tulimwadhibu kila alipochelewa. Hatukujua kuwa baba yake amefariki, wala kuwa alichelewa kwa sababu mama yake hutoka alfajiri kwenda kuuza mkaa, na yeye ndiye anayewachotea maji wadogo zake. Aliyemwuliza habari za baba yake ni mwanamke asiyeelekea kibla chetu na ambaye hajapata kuiona Kisarawe. Sisi tuliomhifadhisha Suratul-Maa'uun hatukumwuliza.

Tulimsaidia kuandika jibu la ukweli. Jioni ile ile tukaenda kwao kutoa pole iliyochelewa.

UADILIFU KWA WANAOSAIDIA

Allah ametuamrisha katika Suratul-Maaidah, aya ya 8, kuwa chuki yetu kwa watu isitupeleke katika kuacha uadilifu. Basi tuseme yaliyo kweli. Utaratibu huu wa kumfadhili mtoto mmoja na kuandikiana naye ni wa siku nyingi. Shirika la Plan, ambalo si la dini yoyote, lilianzishwa mwaka 1937 wakati wa vita vya Hispania na mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies. Wenyewe husimulia kuwa alikabidhiwa mtoto aliyekuwa na kikaratasi kilichoandikwa na baba yake. Baba yule alieleza kuwa mji wa Santander ukianguka yeye atauawa, akamsihi yeyote atakayemkuta mwanawe amtunze. Mwanzo wa jambo lile, basi, ni barua ya baba aliyejua kuwa mwanawe anakaribia kuwa yatima.

Shirika hilo lilianza kazi Tanzania mwaka 1991, na Kisarawe na Kibaha ni miongoni mwa wilaya lilizofanyia kazi kwa miaka mingi. Aliyejengewa darasa amshukuru aliyelijenga, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

Lakini hofu ya wazazi nayo si ya kupuuzwa. Mtoto anayeandika barua ya shukrani kila baada ya miezi kadhaa, mbele ya mtu mzima anayemwelekeza aseme nini, hujifunza kuwa umasikini wake ndio unaomfanya ajulikane. Huandika kuwa hajambo hata siku aliyolala na njaa. Na mzazi anayengojea bahasha huenda akaona haya kumwambia mwanawe jambo litakalomuudhi mwenye kuituma. Makosa haya hayamhusu mgeni peke yake. Tutaona kuwa na sisi tunayatenda.

KAFALA KATIKA QUR'ANI

Neno kafala tumelipata katika Qur'ani yenyewe. Katika Suratu Aal-Imraan, aya ya 37, Allah ametueleza kuwa Maryam aliwekwa chini ya ulezi wa Nabii Zakariya (a.s.). Na katika aya ya 44 ya sura hiyo hiyo tunaelezwa kuwa watu walitupa kalamu zao kupiga kura nani amlee. Wapo wafasiri wasemao kuwa hizo ni kalamu walizokuwa wakiandikia Taurati. Watu wa elimu walishindania kumlea mtoto wa kike ambaye baba yake, kwa kauli ya wafasiri, alikwisha kufariki.

Tuangalie Zakariya alifanya nini baada ya kura kumwangukia. Aya inasema kuwa kila alipoingia kwake alimkuta na riziki, akamwuliza ameipata wapi. Hapa pana mambo mawili: aliingia, na aliuliza. Neno "kila" linaonyesha kuwa hakwenda mara moja kwa ajili ya kuonekana. Na ijapokuwa Maryam hakupungukiwa chakula, mlezi wake hakuacha kumwuliza. Kafala, kwa hiyo, haitimii kwa kufika kwa pesa peke yake.

Ama malipo yake, Imamu Bukhari amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alisema kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa Peponi namna hii, akaashiria kwa kidole cha shahada na cha kati.

MASHARTI YANAYOSAHAULIWA

Kwanza, nasaba. Suratul-Ahzaab, aya ya 5, inaamrisha watoto waitwe kwa majina ya baba zao. Mwenye kufadhili hawi baba wa mtoto, wala hana haki ya kumtoa kwa mama yake. Mtoto abaki kwao, msaada umfuate huko.

Pili, amana. Suratun-Nisaai, aya ya 6, inatutaka tuweke mashahidi tunapowakabidhi mayatima mali yao, na aya ya 10 inatuonya kuwa mwenye kuila kwa dhulma anakula moto. Fedha ya yatima isishikwe na mtu mmoja, hata akiwa imamu. Ishikwe na watu watatu, na liwepo daftari analoweza kulisoma mama wa mtoto.

Tatu, zaka. Yatima si fungu la nane miongoni mwa mafungu manane ya Suratut-Tawbah, aya ya 60, na wala si fungu jingine lolote kati ya hayo. Hupewa zaka kwa ufakiri wake. Yatima aliyeachiwa mikorosho na shamba linalotosha hutunziwa mali yake. Na mtoto akibaleghe hukumu ya uyatima humwondokea, lakini haja yake yaweza kubaki.

Nne, staha. Katika Suratul-Insaan, aya ya 8 na ya 9, Allah anawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa, na nia yao ni kwamba hawataki malipo wala shukrani. Na katika Suratul-Baqarah, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia. Sasa tujiulize: tunapowapanga mayatima mbele ya msikiti kila Ramadhani, kila mmoja na mfuko wake wa mchele, tukawapiga picha na kuwataka waitikie dua ya kutushukuru, sisi tuna tofauti gani na yule tunayemlaumu kwa kudai barua ya shukrani? Yeye angalau anamwuliza mtoto baba yake anafanya kazi gani.

LILILO MBELE YETU

Zipo taasisi za Kiislamu zilizobeba kafala, kama ile ya Africa Muslims Agency iliyoasisiwa Kuwait mwaka 1981 na Dk. Abdulrahman Al-Sumait, aliyefariki mwaka 2013. Allah awalipe. Lakini msaada wa mbali, uwe wa Mzungu au wa Mwarabu, unaweza kukatika kwa uamuzi unaofanyika mbali nasi. Taasisi ya Al-Haramain ya Saudi Arabia, baada ya kutuhumiwa, ilivunjwa mwaka 2004. Hapa Kibaha tunao mfano mwingine: kituo kilichoanzishwa kwa mkataba wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 kilikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, na kwa kuwa wenyeji walikipokea, kipo mpaka leo kama Shirika la Elimu Kibaha.

Hatuhitaji fedha nyingi. Msikiti wenye waumini 200 siku ya Ijumaa, kila mmoja akitoa shilingi 500, utapata shilingi 100,000, na kwa Ijumaa nne shilingi 400,000. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Kinachobaki kumtoa yatima shuleni ni sare, viatu, madaftari, nauli na chakula.

Kila msikiti uandike mayatima wa mtaa wake, na kila mtoto apewe nyumba tano za kumjua. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam wasiseme wako mbali. Katikati ya jiji mpaka Kibaha ni takribani kilomita 40, na Kisarawe ni karibu zaidi. Asiyeweza kuja aandike barua, aulize masomo, aulize hifdhi imefika wapi, aulize mama anaendeleaje. Mtoto akitaka kujibu ajibu kwa maneno yake mwenyewe, na asipojibu msaada usipungue hata shilingi moja.

Na walimu wenzetu wa vyuo, kabla ya kumwadhibu mtoto aliyechelewa kesho, tumwulize kwanza ametoka wapi na nani yuko nyumbani.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atusamehe mayatima tuliokaa nao bila kuwajua, na atujaalie tuwe miongoni mwa watakaokuwa karibu na Mtume wake Peponi. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.