ULINZI WA ULIMI



Wengi wetu twalijua kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Dalali alimzungusha mtu mbele ya wanunuzi, akinadi bei yake. Na mtu yule, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, akawa mali. Yeye mwenyewe hakuulizwa neno. Soko likafungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Palipotajwa bei za watu, sasa hunenwa sala. Kinywa cha mwanadamu chaweza yote mawili.

Je, soko lile limefungwa vinywani mwetu pia? Kwani asengenyaye humzungusha ndugu yake asiyekuwapo mbele ya wasikiaji, hutaja aibu zake, na kila mmoja huongeza lake. Ndugu yule naye haulizwi neno. Akirudi huona nyuso zimegeuka, wala hajui ameuzwa kwa kosa gani. Tena dalali hafanyi biashara pasipo wanunuzi: asikilizaye kwa furaha naye yumo sokoni.

Mtume Yakobo, katika mlango wa tatu wa Waraka wake, aufananisha ulimi na usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa. Wazee wetu nao walisema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Maana guu hupona, bali neno halirudi kinywani.

Nanyi waalimu, kazi yenu yote ni ya maneno. Mtoto aitwaye mjinga mbele ya wenzake hulichukua jina lile nyumbani, na pengine hukua nalo.

Lakini kuulinda ulimi si kunyamaza tu. Aonaye mnyonge akidhulumiwa, naye akanyamaza, hakuulinda ulimi wake, ameuficha. Na mwenye kosa tumwendee yeye mwenyewe kwa faragha, kama Bwana wetu alivyofundisha.

Basi, kwa Waisraeli mwaka wa Jubilii ulikuwa mwaka wa kuwaacha watumwa huru. Nasi katika Jubilii hii tuwaache huru waliofungwa kwa maneno. Kila mmoja amtafute ndugu aliyemsema, amwombe radhi. Kisha awarudie wale waliomsikia, awaambie kweli.

Mungu na atusaidie. Amina.